MJADALA: Mtoa dawa akikataa cheti cha daktari, nani arudi hospitali?

Mleta mada

Wakuu, mbukwenyi. Naleta hoja ambayo wengi wenye mgonjwa nyumbani hapa Dodoma wameshakutana nayo dirishani. Umetoka kwa daktari na cheti chako, umefika famasi, mtoa dawa anakisoma, anakirudia, anakuangalia usoni, halafu anasema, "Hii siwezi kukupa, rudi kwa aliyekuandikia." Je, ana haki hiyo? Na akishaitumia, kazi yake inaishia pale?

Msimamo wangu nauweka mezani mapema ili mnipinge vizuri. Haki anayo, na natamani aitumie kuliko anavyoitumia sasa. Ila kumrudisha mgonjwa bila hata kumtafuta aliyeandika ni kuacha kazi katikati.

Lililonisukuma ni hili. Mama yangu mdogo anakaa Kibakwe, huko Mpwapwa. Ana valvu ya bandia kwenye moyo, kwa hiyo anakunywa warfarin kila siku na ataendelea nayo maisha yake yote, damu isije ikaganda kwenye ile valvu. Alikuja mjini tumbo linamsumbua, akatibiwa kwenye kituo kimoja, akaandikiwa metronidazole, ile tunayoiita Flagyl. Nikampeleka famasi. Binti wa dirishani hakukimbilia kwenye shelfu. Alimuuliza, "Mama, kuna dawa nyingine yoyote unatumia?" Mama mdogo akafungua fundo la kanga, akatoa pakiti ya warfarin iliyobaki vidonge vichache. Binti akaipokea, akaigeuza kusoma nyuma, akailaza juu ya cheti. Akatuambia hizi mbili haziendi pamoja hivi hivi, kwamba Flagyl inaipandisha nguvu warfarin na mtu anaweza kuvuja damu ndani kwa ndani.

Mpaka hapo nilimvulia kofia. Swali lile moja aliloliuliza halikuwa limeulizwa kule tulikotoka. Lakini kilichofuata ni kuturudishia cheti kilekile, bila neno lolote juu yake, na maelekezo ya mdomo: "Mwambieni daktari awabadilishie." Ilikuwa Ijumaa jioni. Kule kituoni tukakuta daktari ameshatoka, tukaambiwa Jumatatu. Mama mdogo alichokielewa katika danadana yote ile ni kwamba dawa yake ya moyo ndiyo yenye matatizo. Usiku ule hakuinywa. Tuligundua asubuhi, kwa sababu tu binti yangu alihesabu vidonge. Mwenye valvu ya bandia kuacha warfarin kienyeji ni hatari kama ileile tuliyokuwa tunaikwepa.

Kwa hiyo swali langu si kama mtoa dawa alikosea kuzuia. Alipatia. Swali ni kwa nini ujumbe wa kitaalamu baina ya watu wawili waliosomea kazi hiyo apewe mgonjwa aupeleke kwa mdomo, tena mgonjwa asiyeweza hata kulitamka jina la dawa.

Watu wanadhani kukagua cheti ni kusoma jina na kuhesabu vidonge. Chukueni mseto wa malaria. Mtoto wa chini ya kilo 15 anameza kimoja asubuhi na kimoja jioni kwa siku tatu; akishafika kilo 15 vinakuwa viwili viwili; mtu mzima wa kilo 35 kwenda juu ni vinne vinne. Cheti kikija kimeandikwa "mseto" na umri bila uzito, mtoa dawa makini lazima aulize, au ampime mtoto palepale. Halafu kuna mzio, kuna ujauzito, kuna figo, kuna dawa mbili za majina tofauti ambazo ndani yake ni kitu kilekile. Hayo yote ndiyo kazi ya dirishani, na ndiyo maana tuna Sheria ya Famasi ya mwaka 2011 na Baraza la Famasi la kuisimamia taaluma hii. Baraza lipo hapa hapa Dodoma, TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, nao wapo hapa hapa. Hoja ikiiva, hatuhitaji kupanda basi kuipeleka.

Ninachopendekeza: kila cheti kiwe na namba ya simu ya kituo inayopokelewa. Mtoa dawa akiwa na shaka apige yeye, mgonjwa akiwa amekaa kwenye benchi. Asipompata mwandishi, aandike kwenye cheti alichokikuta na kwa nini amezuia, aweke jina na saini, na amweleze mgonjwa dawa zipi aendelee nazo. Hilo la mwisho ndilo lililomkosa mama yangu mdogo.

Karibuni.

Tabibu wa zahanati, Bahi

Mleta mada pole kwa mama mdogo. Naomba niseme kama mwandikaji wa vyeti, kwa sababu upande wetu huwa hausikiki kwenye mada kama hizi.

Nina mgonjwa wa sukari, mzee, miguu inamwaka moto usiku halali. Nikamwandikia amitriptyline miligramu 25, kimoja usiku. Dawa hii ni ya zamani, watu wengi wanaijua kwa sonona, lakini kwa maumivu ya mishipa ya fahamu inatumika dunia nzima kwa dozi ndogo. Mzee akaenda duka la dawa. Akaambiwa, mbele ya wateja wengine, "Mzee, mbona hii ni dawa ya wale wa Mirembe?" Mirembe, yaani hospitali ya magonjwa ya akili. Akaondoka bila dawa, na kwangu hakurudi mpaka kidonda kilipomleta. Nilipomuuliza akanijibu kwamba hakuja kwangu kutukanwa.

Huyo mtoa dawa naye angeweza kusema alikuwa "anakagua cheti". Mimi ndiye niliyemwona mgonjwa, nikamshika ile miguu. Yeye ameona karatasi. Mkimpa haki ya kuzuia, mpeni na mpaka wake: aulize, asihukumu. Na asibadilishe chochote bila mimi. Jina la kiwanda akibadilisha, dawa ikiwa ileile na nguvu ileile, sina ugomvi. Akinibadilishia dawa yenyewe, huyo ameshakuwa daktari.

Mkazi wa Nkuhungu

Mimi naona mnazunguka mbuyu. Famasi hizihizi zinazomkatalia mtu mwenye cheti, ukiingia huna cheti ukasema kifua kinabana unapewa azuma, vidonge vitatu, unalipa unaondoka. Antibiotiki ni dawa ya cheti kisheria. Ukaguzi gani huo unaomkamata mwenye karatasi na kumwachia asiye nayo? Vimelea vinazidi kuwa sugu, serikali inatangaza kila mwaka, na dirisha liko wazi.

Waanze hapo kwanza ndipo waje kwenye haki ya kumpinga daktari.

Fundi dawa sanifu, Majengo

Nimesoma yote. Niwajibu kwa utaratibu ninaouweza, niko zamu.

Kwanza mjue mnayeongea naye. Si kila aliyevaa koti jeupe dirishani ni mfamasia. Mfamasia ana shahada. Mimi nina diploma. Kwenye duka la dawa muhimu, yale yaliyoanzia Ruvuma mwaka 2003 na kuja kuchukua nafasi ya maduka ya dawa baridi, anayekuhudumia ni mtoa dawa aliyepita mafunzo ya wiki chache kwa ajili ya orodha fulani ya dawa. Wote mnatuita "dokta" na wote mnatudai kitu kimoja. Yule aliyemwambia mzee habari za Mirembe alivunja siri ya mgonjwa hadharani, na alikuwa hajui asichokijua. Simtetei.

Pili, azuma. Ndugu wa Nkuhungu umesema kweli na inaniuma. Mwenye duka hakai dirishani, lakini mauzo ya siku anayaona kwenye simu yake. Nikimkatalia mteja, anavuka barabara. Ukitaka nikatae, mkague na wa ng'ambo ya barabara siku hiyohiyo.

Tatu, simu. Napiga. Juzi kimekuja cheti cha mama mwenye baridi yabisi, methotrexate, imeandikwa 1x1, yaani kimoja kila siku. Kwa ugonjwa ule dawa hiyo inamezwa mara moja kwa WIKI. Ikimezwa kila siku inaua uboho wa mifupa, na imeshaua watu katika nchi nyingi kwa kosa hilohilo la kalamu. Nilimpigia aliyeandika, akapokea, akanyamaza kidogo, akasema, "Asante sana, andika kila Jumatatu." Dakika mbili. Wapo pia wanaokuuliza umesoma chuo gani mpaka umpigie. Na vocha ni yangu.

Mchangiaji, Area C

Kwa wanaodhani mtoa dawa akifuata karatasi anakuwa salama: ipo kesi maarufu ya Uingereza ya miaka ya 1980. Mgonjwa wa pumu mwenye maambukizi ya kifua aliandikiwa Amoxil, ambayo ni antibiotiki. Mwandiko ulikuwa mbaya, mfamasia akasoma Daonil, dawa ya kushusha sukari. Mtu asiye na kisukari akameza, sukari ikaporomoka, ubongo ukapata madhara ya kudumu. Mahakama ilimbebesha daktari robo ya lawama, mfamasia robo tatu.

Sababu inafaa isomwe na kila anayesimama dirishani. Cheti kilisema vidonge vya miligramu 250, na Daonil ilikuwepo ya miligramu 5 tu. Halafu mgonjwa alilipia dawa, wakati kule wenye kisukari dawa hawalipii. Karatasi yenyewe ilikuwa inapiga kelele. Mahakama ikasema mfamasia alipaswa kusimama na kuuliza.

Msije mkasema kwetu sasa ni kompyuta. Mfumo wa hospitali za serikali unatibu mwandiko, hautibu uamuzi. Ile 1x1 ya methotrexate ingechapwa vizuri kabisa.

Mleta mada

Tabibu, nimekubali mpaka wako, na nauongeza kwenye hoja: mtoa dawa hamtangazii mgonjwa kwamba dawa "ni ya" watu gani. Anauliza, "Daktari amekueleza hii inakusaidia nini?" Mzee angejibu miguu, na mambo yangeishia hapo. Lakini nawe nikuombe kitu. Ungeandika sababu kwenye cheti, "maumivu ya neva", maneno matatu, yule wa dukani angekuwa na cha kushika. Mnaandika dawa peke yake halafu mnalalamika kwamba msomaji amekisia. Kama ni siri unaiogopea, basi namba ya simu iwepo.

Ndugu wa Nkuhungu, sikubaliani kwamba moja lisubiri jingine. Mwenye azuma ya bila cheti na mama mwenye Flagyl juu ya warfarin wote wanasimama dirisha moja, na anayehitajika ni mtu yuleyule mwenye uthubutu wa kusema "subiri kwanza". Ukimnyima nguvu ya kuzuia cheti chenye kosa kwa sababu mwenzake anauza bila cheti, umemwadhibu aliye makini.

Fundi dawa, suala la vocha ni dogo ila ndilo linaloua utaratibu. Famasi inalipia leseni, inalipia pango, inalipia luku. Simu ya dirishani iwe gharama ya biashara, si ya mfuko wa kijana wa zamu.

Muuguzi, Chemba

Nawasoma kwa hamu, ila pendekezo lenu ni la mjini. Kwetu tabibu akiwa kwenye huduma ya mkoba, anazungukia wagonjwa vijijini, hashikiki mpaka jioni, mtandao ni wa kutafuta juu ya kilima. Mgonjwa amekuja kwa miguu na mtoto mgongoni. Mnaposema "asipompata mwandishi aandike na azuie", mtoto mwenye homa anarudi na karatasi mbili badala ya moja. Je, kuna dawa ambazo mtoa dawa aruhusiwe kutoa dozi ya kwanza wakati anaendelea kutafuta? Na akitoa, ikaharibika, lawama ya nani?

Fundi dawa sanifu, Majengo

Muuguzi, hilo swali ni zito kuliko yote yaliyotangulia. Uzito wa mtoto ukipimwa palepale, na tatizo likiwa ni dozi iliyoachwa wazi tu, mimi ningetoa ya kwanza kwa mwongozo wa taifa na kuandika saa niliyotoa. Tatizo likiwa ni dawa mbili zinazogombana, sitoi hata kimoja. Katikati ya hizo mbili ndipo sina jibu. Tabibu wa Bahi, wewe ungetaka nifanye nini na cheti chako?