Naomba ushauri: kunakili mizeituni ya Van Gogh kwa akriliki
Wakuu habari zenu, naomba msaada kwa mnaochora kwa rangi. Kuna mchoro wa mizeituni wa mchoraji Vincent van Gogh, wa mwezi wa 6 mwaka 1889 kule Saint-Rémy kusini mwa Ufaransa, alipokuwa anatibiwa hospitali ya wagonjwa wa akili, ule wenye milima ya bluu nyuma na wingu jeupe juu. Yani naupenda sana, mashina yamejipinda, ardhi inaenda kama mawimbi na majani hajachora moja moja, ni mipigo ya brashi tu lakini unauona upepo kabisa.

Sasa nataka kuunakili nijifunze mkono wake, shida natumia akriliki (rangi za kuchanganya na maji) na hili joto la Dar rangi inakauka kabla sijapata ule ukijani wenye kijivu, halafu nikipaka nene ikikauka inasinyaa na alama za brashi zinapotea. Yeye alitumia rangi za mafuta, zinakaa mbichi siku kadhaa. Nihamie huko au kuna cha kuchanganya kwenye akriliki ikae nene na ichelewe kukauka? Na brashi ngumu au kisu cha kupakia rangi, kipi bora? Nianze na anga au mashina?