Naomba ushauri: vifaa vya michezo ya Kiingereza vitakavyodumu

Ndugu walimu, nimetengewa fungu dogo la fedha kwa ajili ya darasa langu la Kiingereza, nami ningependa kulitumia kwa vifaa vya kuchangamsha somo ambavyo vitadumu zaidi ya mwaka mmoja. Navutiwa na dadu, vibao vidogo vya kufutika na hasa kadi za picha, kwa kuwa seti moja ya kadi hutosha kufundishia msamiati, kuulizana maswali na hata kutungia hadithi. Michezo ya ubao iliyo tayari naiona ghali, na vipande vyake hupotea upesi. Je, ninunue mashine ya kufunikia karatasi kwa plastiki nijitengenezee kadi mwenyewe, au kuna kifaa mlichokitumia muda mrefu bila kujuta?