Tupeane uzoefu: kulala gizani kwenye loji za Saadani

Mama Wawili: Jana umeme ulikatika mtaani, nikajikuta kimawazo nimerudi Saadani, ile hifadhi ya wanyama iliyo ufuoni mwa bahari. Tulilala kwenye mahema yaliyoinuliwa juu ya nguzo, umeme ni wa jua, na choo hakina maji. Ukimaliza haja unamwaga kopo la maranda. Hayo niliyavumilia. Kilichonishinda ni kuzimwa kwa taa zote za nje, na usiku wa manane tukasikia matawi yakivunjwa nyuma ya hema. Kulipokucha tulikuta kinyesi cha tembo hatua sita kutoka ngazini.

Mpiga Kasia: Giza lile hata mimi lilinitesa.

Kaka wa Mkwaja: Samahani dada, giza lile lina sababu. Kasa hutaga ufuoni Madete, na watoto wao wakitoka mchangani usiku hufuata mwanga, ambao kwa kawaida uko upande wa bahari. Ukiwasha taa barazani, unawaita nchi kavu.

Mpiga Kasia: Na mgeni aliyelipa si kiumbe?

Kaka wa Mkwaja: Bagamoyo kuna hoteli zenye taa, ndugu yangu.

Bi Mdogo: Acheni kugombana, aliyewasha ni mimi. Mwanangu aliogopa, nikatundika kurunzi kwenye kamba ya hema, tukalala. Saa tisa usiku nikasikia mchakacho kama wa mchele unaopepetwa, na nilipofungua zipu nikaona watoto wa kasa, kila mmoja kama kiberiti, wakipanda kuelekea ngazi zetu, huku kaa akimburuta mmoja wao shimoni. Nilizima, nikamwita mlinzi. Hakunikaripia, aliomba kanga yangu, akawakusanya, akawaweka juu kidogo ya maji ili wamalizie safari wenyewe. Tulihesabu thelathini.

Mpiga Kasia: Pamoja na yule wa kaa?

Bi Mdogo: Bila yule.

Mzee wa Chumvini: Mimi nilizoea kwenda kabla pori lile halijawa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Msiende masika, udongo mweusi utameza gari.

Mama Wawili: Sisi tulikwenda Aprili, babu, na tulipita salama.

Kaka wa Mkwaja: Msivae bluu wala nyeusi, mbung'o huzipenda.

Mpiga Kasia: Nilivaa nyeupe, wakaniuma hadi kisogoni. Bi Mdogo, nimekuelewa. Safari ijayo kurunzi nitamwachia mlinzi.