Albamu ya tamasha: itolewe na makosa yake au isafishwe kwanza studioni?

Mkaazi wa Kaloleni
Juzi nimeirudia Living in Clip, albamu ya diski mbili aliyoitoa mwimbaji na mpiga gitaa Ani DiFranco mwaka 1997 kupitia Righteous Babe, lebo (kampuni ya kutoa muziki) aliyoianzisha mwenyewe kule Buffalo, Marekani. Maongezi yake na mashabiki yamo, vicheko vimo, na gitaa linachapwa kwa kucha za bandia zilizofungwa kwa utepe wa mafundi wa umeme, hadi unasikia nyuzi zikilalamika. Nauliza: msanii asiye na kampuni nyuma yake atoe rekodi ya jukwaani jinsi ilivyo, au airekebishe kwanza? Mimi naona aitoe jinsi ilivyo, ingawa hapa Nairobi swali lenyewe ni la anasa, kwa kuwa wengi wakipanda jukwaani huwasha CD na kufungua kinywa tu.

Fundi wa Ngara
Wanaosifu makosa kwa kawaida hawajawahi kukaa nyuma ya meza ya mitambo. Albamu hiyo haikurekodiwa usiku mmoja, bali nyimbo zake zilichaguliwa kutoka kumbi mbalimbali, na okestra ya Buffalo inasikika humo pia. Kuchagua usiku uliofana na kuuacha uliochacha ni kusafisha pia, hata kama hukugusa noti. Mwimbaji wa hapa ana usiku mmoja, jenereta inanguruma nyuma ya pazia, na maikrofoni inadaka sahani za jikoni kuliko gitaa. Akiniletea rekodi hiyo nitaondoa mvumo, nitasawazisha sauti, na sitamwomba mtu radhi.

Binti wa Nyuzi Sita
Mambo ya mvumo nawaachia mafundi, lakini hilo la CD haliwezi kupita hivi hivi. Mwandalizi hukupa nafasi ya nyimbo tatu, hukuambia ulete muziki kwenye flashi, na ukimtajia mpiga ngoma anakuuliza kwa nini unataka kumwongezea gharama. Wapiga ala wangu wanarudi Rongai usiku, wakati ambapo nauli imepanda na matatu zimepungua, na nauli hiyo inatoka mfukoni mwangu. Aliyeizoesha Nairobi CD ni mwenye hela ya tamasha. Nenda Alliance Française, pale Loita Street, siku ya bendi kamili, kisha urudi hapa utuambie nani anafungua kinywa tu.

Mkaazi wa Kaloleni
Dada, sikukutaja, ila naona kofia imekutosha. Halafu umejijibu mwenyewe: jukwaa lenyewe umelipata kwenye kituo cha utamaduni cha nchi ya kigeni. DiFranco alizikataa lebo kubwa akauza kazi yake kwa mkono wake, na albamu hii hii ikapata cheti cha dhahabu, yaani nakala nusu milioni. Huko ndiko kujitegemea.

Fundi wa Ngara
Tusitie chumvi kwenye hesabu, kwa sababu chama cha kampuni za kurekodi cha Marekani, kinachotoa vyeti hivyo, huihesabu kila diski peke yake albamu ya diski mbili inapozidi dakika 100. Dhahabu ya namna hiyo haihitaji wanunuzi nusu milioni.

Binti wa Nyuzi Sita
Wala hakuna ukumbi ulioniandikia hata ubeti mmoja. Mzee wangu, kama kukubali jukwaa lenye mitambo mizima ni utegemezi, basi na wewe uliyeketi pale bila kulipa kiingilio halisi cha bendi ya watu watano ni mfadhiliwa mwenzangu.

Besi ya Jericho
Nimesoma yote haya, na wapiga ala wametajwa kwa nauli tu. Katika albamu mnayoibishania, besi imepigwa na Sara Lee na ngoma na Andy Stochansky. Ukiwaondoa hao, nusu ya joto lake imekwenda. Mimi niliwahi kupiga besi katika tamasha moja la Westlands, nikalipwa ya usiku ule, na baadaye nikakuta rekodi ya usiku ule ule inauzwa mtandaoni pasipo mtu kuniuliza. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inampa mpigaji haki ya kukubali au kukataa onyesho lake lirekodiwe. Kwa hiyo kabla hamjaamua kama makosa yabaki, tuambiwe ni nani aliyeruhusu mashine iwashwe.

Fundi wa Ngara
Mimi huambiwa niwashe, nami nawasha. Kumtafuta kila mtu na karatasi yake wakati maikrofoni zinajaribiwa si kazi yangu.

Mkaazi wa Kaloleni
Naomba turudi kwenye swali langu.

Binti wa Nyuzi Sita
Swali lako litangoja, kwa maana hili la ndugu wa Jericho ndilo litakalonifikisha mahakamani. Mimi ningependa kuwalipa wenzangu ya jukwaa usiku huo, kisha sehemu ya mauzo kila albamu inaponunuliwa, makubaliano yakiwa yameandikwa kabla ya mazoezi.

Besi ya Jericho
Sehemu gani, dada? Hesabu za mtandaoni huzioni wewe peke yako kwenye simu yako? Mimi nitazikagua vipi?