Nikijitamkia "mimi ni tajiri", moyo unaniuliza rejesho liko wapi

FundiNgarenaro

Habari zenu ndugu zangu. Mimi ni fundi cherehani hapa Ngarenaro, Arusha. Nashona sare za shule, na msimu wa harusi ukifika nashona magauni ya sendofu. Kwenye kikundi chetu cha VICOBA, cha kuweka akiba na kukopeshana, alikuja mama mmoja kutufundisha kujitamkia maneno chanya. Ukiamka tu, simama mbele ya kioo useme kwa sauti: "Mimi ni tajiri. Mimi ni mshindi. Fedha zinanifuata."

Wenzangu kadhaa wanasema limewasaidia, na ninawaamini kwa sababu naona walivyochangamka. Ila mimi nikishatamka "mimi ni tajiri", kuna sauti ndani inanijibu papo hapo: rejesho la Ijumaa umelipata? Na kodi ya fremu? Naondoka kiooni nikiwa mnyonge kuliko nilivyoamka.

Sitaki kuacha, maana najijua ninavyojisema vibaya kutwa nzima. Uzi ukikatika, mimi. Mteja akichelewa kuja kuchukua nguo, ni mimi nina gundu. Binti yangu anakaa pembeni anasikia yote hayo. Kwa wale ambao jambo hili limewakaa, mnasema maneno gani, na mnayasema saa ngapi?

MkungaMuheza

Mdogo wangu, pole na kazi. Swali lako limenigusa kwa sababu maneno ni sehemu ya kazi yangu. Mimi ni mkunga, miaka mingi sasa.

Mama akiwa kwenye uchungu simwambii "huumwi". Ataacha kuniamini hapo hapo, na asiyeniamini hatanisikiliza nitakapomwambia asisukume bado. Namwambia lililo kweli na lenye nguvu ndani yake: "Asubuhi njia ilikuwa imefunguka sentimita nne, sasa ni saba. Uchungu huu una mwisho. Ukipita utapumzika, vuta pumzi pamoja na mimi." Baada ya muda namsikia anayarudia mwenyewe, una mwisho, una mwisho, macho kayafumba. Hapo najua maneno yamekuwa yake.

Hiyo sauti inayokujibu kiooni usiiogope, na usidhani una imani haba. Mwaka 2009 mtafiti Joanne Wood na wenzake wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, walichapisha majaribio kuhusu jambo hili hili. Waliwataka watu waandike yaliyomo mawazoni mwao, na kila kengele ikilia wajiambie kuwa wao ni watu wa kupendeka. Waliokuwa wanajithamini tangu mwanzo walijisikia vizuri kidogo. Wale waliokuwa wanajiona duni, ambao ndio hasa tungependa wasaidike, walijisikia vibaya kuliko wenzao ambao hawakuyarudia maneno hayo. Ukimpa mtu sentensi iliyo mbali mno na anavyojiona, anaanza kuhesabu ushahidi wa kuipinga. Wewe ushahidi wako ni rejesho na kodi.

Zamani kidogo, huko Ufaransa, mfamasia Émile Coué (1857–1926) aliwafundisha watu kusema asubuhi na usiku kwamba kila siku, kwa kila namna, wanazidi kuwa afadhali. Walirudia mara 20, wakihesabu kwa uzi wenye mafundo, kama mtu anavyovuta tasbihi. Sikubaliani na yote aliyoahidi kuhusu kuponya magonjwa, lakini sentensi yake naipenda: haisemi nimefika, inasema naendelea.

Kwa hiyo wewe tafuta maneno ambayo ile sauti haina la kuyajibu. Kuna watoto wangapi Ngarenaro wanaoingia darasani na sare ulizoshona? "Mikono hii inajua kazi." Nani atabisha? Na usiyaseme kiooni, kioo kimeshazoea kukuuliza madeni. Yaseme unapotunga uzi kwenye sindano. Tendo hilo unalifanya kila siku upende usipende, litakukumbusha lenyewe.

Uzi ukikatika jiite kwa jina, kama unavyomwita mdogo wako: "Fulani, tulia, funga fundo uendelee." Ethan Kross wa Chuo Kikuu cha Michigan na wenzake walionyesha mwaka 2014 kwamba mtu anayejisemesha kwa jina lake badala ya "mimi" hutulia vizuri zaidi kwenye jambo la kumtia hofu. Mimi nilikuwa nikifanya hivyo usiku wa zamu nzito kabla sijasoma habari zao.

LesoYaKisauni

Dadangu, salamu kutoka Mombasa. Mamangu alipofiliwa na babangu alikuwa na leso moja asiyoiacha, imeandikwa JAPO SIPATI TAMAA SIKATI. Alijifunga hiyo akikanda mahamri alfajiri, akijifunga hiyo akienda kudai pesa za watu waliokopa mbaazi. Tazama maneno yenyewe yalivyo: yanakubali kwanza kuwa sipati, kisha ndiyo yanasema sikati. Mama hakujidanganya hata siku moja, na tumesoma sote.

Wewe ni fundi. Chukua kipande cha kanga chenye jina linalokufaa, ukishone kwenye kiti chako cha kazi. Na kabla ya vyote dua zako za asubuhi, au sala kama wewe ni Mkristo. Hizo zimekuwa zikitushika kabla ya semina zote hizi.

MbioBabati

Nawaheshimu dada zangu, lakini Mama Mkunga hapa umemshusha mwenzetu. Anayejinenea kidogo hupata kidogo. Eliud Kipchoge alisema hakuna binadamu mwenye mipaka, watu wakamcheka, na tarehe 12 Oktoba 2019 pale Vienna akakimbia marathoni kwa saa 1:59:40. Imani ni kusema kabla hujaona. Dada, endelea kusema wewe ni tajiri, sauti hiyo itachoka yenyewe.

MkungaMuheza

Mdogo wangu wa Babati, nafurahi umemtaja Kipchoge. Mwaka 2017 alijaribu kule Monza, Italia, kumaliza chini ya saa mbili, akapata saa 2:00:25, akakosa kwa sekunde 26 tu. Huyo mtu huandika mazoezi yake kwenye daftari, mwaka baada ya mwaka. Kauli yake kubwa ina daftari nyuma yake, ndiyo maana haikumgeuka.

Simkatazi dada kuota makubwa. Mimi mwenyewe kwenye maombi nataja mambo ambayo sijayaona, tena kwa machozi. Lakini pale naongea na Mungu, naomba. Asubuhi kwenye cherehani anahitaji neno la kumfikisha saa sita mchana. Wala sauti kama hiyo haichoki kirahisi. Nimewaona akina mama iliowalaza chini.

FundiNgarenaro

Shikamoo Mama Mkunga, asanteni nyote. Nimeandika kwa chaki ya fundi ubavuni mwa meza: "Mikono hii inajua kazi. Leo namaliza sare za wateja wawili." Hiyo ya pili nitaifuta na kuiandika upya kila siku kulingana na oda. Na LesoYaKisauni, nimeshapata kipande cha kanga, umenipa wazo zuri sana.

Sasa nina swali la binti yangu. Yuko kidato cha pili, Novemba wana mtihani wa upimaji, na amekazana kusema "mimi hesabu siziwezi". Nimwambie aseme "mimi ni hodari wa hesabu"?

MkungaMuheza

Marahaba mwanangu. Hapana, hiyo itamfanyia kama kioo kilivyokufanyia wewe. Mpe karatasi, mwambie achague jambo moja analolithamini kuliko yote, iwe udugu, kuimba kwaya, dini, chochote, aandike kwa robo saa kwa nini analithamini. Asiandike habari za hesabu kabisa. Geoffrey Cohen na wenzake walifanya zoezi kama hilo na wanafunzi Wamarekani weusi, wakachapisha mwaka 2006, na alama za wanafunzi hao zilipanda. Majaribio ya baadaye hayakuleta matokeo yale yale kila shule, kwa hiyo usilitegemee peke yake. Mtafutie pia wa kumwelekeza hesabu zenyewe. Ila lifanyeni wiki hii, mapema, kabla hofu ya Novemba haijamjaa. Na wewe kaa naye mezani uandike ya kwako.