Naombeni ushauri: programu yangu imejifunza kupenda picha zinazochosha

Mpigamstari: Wakuu, heshima kwenu. Nimetunga programu inayozalisha picha kizazi baada ya kizazi, kwa njia aliyoitumia msanii wa kompyuta Karl Sims mwaka 1991, ambapo mtazamaji huchagua zinazomvutia na kompyuta ikazichanganya kupata nyingine. Kwa kuwa kuchagua kunaumiza macho, niliufunza mtandao wa neva (programu ya tabaka tabaka inayojifunza kwa mifano) ukadirie alama ambazo ningetoa, uchague kwa niaba yangu. Sasa kila nikiuacha usiku kucha, asubuhi nakuta ukungu wa samawati tu, picha 40 kama pacha. Je, niongeze tabaka za mtandao?

Kale_Kapya: Mwanahisabati Birkhoff alilimaliza suala hili mwaka 1933: gawanya mpangilio kwa uchangamano, upate kipimo cha uzuri. Nilivipima vyungu vya mama mkwe wangu kwa njia hiyo, na tangu siku hiyo hatusemezani.

Bi_Kipimo: Tabaka ziache. Alama zilitolewa na watu wangapi? Mkusanyo wa AVA wa mwaka 2012, wa kuchunguza uzuri wa picha, una picha zaidi ya 250,000, kila moja ikiwa na kura za watu wengi, na bado wapiga kura hutofautiana sana.

Mpigamstari: Watu wa kutosha.

Bi_Kipimo: Wangapi, ndugu yangu?

Mpigamstari: Mmoja, yaani mimi, picha 600 kwa usiku mmoja. Lakini ladha ninayotaka iigwe ni yangu, kwa hiyo sioni sababu ya kuanza upya.

Mkono_Mtupu: Anayeikabidhi mashine macho yake asishangae ikimrudishia ukungu. Shika penseli.

Sidanganyiki: Kisa hiki kimetungwa. Aliyepima picha 600 angekosaje kutusimulia hata moja? Huenda tunajibizana na mashine.

Mpigamstari: Picha ya 31 ilikuwa na miduara mitatu ya rangi ya kutu, mmoja umechanika ukingoni, nami niliipa 9. Nimegundua sasa hivi, nikiitafuta ili nikujibu, kwamba programu iliirudia ikiwa ya 572, nami nikaipa 4.

Bi_Kipimo: Na zile za samawati zilikuja lini?

Mpigamstari: Kuelekea alfajiri. Nyingi nilizipa 8, kwa kuwa hazikuchoma macho.

Bi_Kipimo: Basi mtandao haukukosea, umejifunza usingizi wako. Zipange picha mbili mbili, uchague moja tu, jozi 50 kwa kikao, na baadhi zijirudie bila wewe kujua.

Mpigamstari: Zile 300 za mwanzo nizibakize?

Bi_Kipimo: Ulianza saa ngapi?

Mpigamstari: Saa sita usiku.