Mtoto kulazwa wodini, unajuaje kama kweli ilihitajika?

mamawawili: Jamani naomba kueleweshwa. Mwanangu wa miezi 8 alilazwa siku tatu kwa kikohozi na homa, dripu hakuwekewa, oksijeni hakupewa, dawa yenyewe ya maji tu ambayo hata nyumbani ningempa, sasa najiuliza kulikuwa na haja gani?

daktari_mstaafu: Pole mama. Swali si ugonjwa unaitwaje, ni je, alipata kitu ambacho nyumbani hakiwezekani? Hanyonyi kabisa, anatapika kila kitu, degedege, amelegea haamki vizuri, oksijeni kwenye damu chini ya 90%, huyo analazwa bila mjadala. Kupumua haraka peke yake (umri wake ni mara 50 au zaidi kwa dakika) WHO wanasema amoksilini (antibiotiki) ya kunywa nyumbani inatosha.

nesi_wa_usiku: Sawa daktari lakini faili linasomwa baadaye mtoto keshapona, kila mtu anakuwa mjanja. Saa nane usiku unaona kifua kinabonyea ndani akivuta pumzi, hujui asubuhi itakuwaje. Kumwangalia tu nayo ni kazi!

daktari_mstaafu: Hapo umenishika. Ndo maana anayekagua faili apime kwa yaliyojulikana saa ile ya kulazwa. Ila siku ya pili na ya tatu zipimwe kivyake, wengi wanabaki wodini wakisubiri tu daktari apite asaini.

mamawawili: Hee, ya tatu ilikuwa hivyo hivyo, tulikaa na begi mapajani toka asubuhi hadi jioni.